Nafasi Yangu kwenye Vitanda vya Chai

Mwezi uliopita nilimkuta mama mmoja hospitalini Tukuyu, amekaa kwenye benchi la kliniki ya kifua na kijana wake. Nasema kijana, lakini alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Alikuwa anazungusha kifuniko cha chupa sakafuni, anakiangalia mpaka kinalala, kisha anaanza tena. Watu walikuwa wameacha nafasi pande zote mbili za benchi, kwa sababu ya kikohozi cha mama na kwa sababu ya mwanawe. Mimi nilikaa. Mama hakuniuliza habari za kikohozi. Aliniuliza, "Dada, mimi nikifa, huyu atakula wapi?"

Jina lake likaitwa, akaingia ndani, na mimi sikuwa nimemjibu. Nimeamua kumjibu hapa. Habari za wadudu na mapafu siziwezi, waganga wapo. Nitasema nilichofanya mimi, na kosa nililolifanya ambalo mpaka leo halijaniacha.

Mdogo wangu anaitwa Ambokile. Neno usonji nililisikia redioni miaka mingi baada ya mambo haya, nikiwa namenya ndizi, nikaweka kisu chini nisikilize vizuri kwa sababu ilikuwa kama mtangazaji ameingia nyumbani kwetu na kumwangalia mdogo wangu. Siku zile kwetu Lupepo hatukuwa na neno hilo. Walimwita zuzu, wengine bubu, ingawa bubu hakuwa. Alisema maneno machache, yale yale, na aliyasema yakiwa ya kweli tu. Hakumwangalia mtu machoni. Ukimwambia akate majani ya ng'ombe mpaka utakapomwita, usipomwita atakata mpaka mvua imkute na giza limkute. Ulichomwambia ndicho. Hakuna nyuma yake kitu kingine.

Mama yetu alipofariki, Ambokile alibaki kwangu. Mume wangu alinipa siku tatu za kuchagua. Sikuzihitaji zote tatu. Nilirudi nyumbani kwa marehemu wazazi wetu, kwenye migomba na ng'ombe mmoja, na kazi yangu ya kiwanda cha chai. Kaka yetu mkubwa, Lusajo, alikuwa Mbeya mjini, ameingia biashara ya mitumba kama walivyoingia wengi ilipofika ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Alikuja Krismasi, akaleta shati, akaondoka.

Nilianza kukohoa mwishoni mwa masika, mwaka ule ambao habari za kuuzwa kwa kiwanda zilianza kuzagaa. Kipupwe kilipoingia na ukungu ukashuka kutoka Mlima Rungwe mpaka mlangoni, nilikuwa tayari nakunja sketi mara mbili kiunoni na kuifunga kwa pini. Watu waliniangalia kwanza kiunoni, kisha usoni, kisha pembeni. Nilijua wanachofikiria, enzi zile kila aliyekonda alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Shangazi alianza kuniletea chakula kwenye bakuli ambalo hakutaka kurudishiwa.

Sikwenda hospitali. Wanaokumbuka wananilaumu kwa hilo na wana haki. Nilijua wakinipima watanilaza, na nikilazwa nafasi yangu itakwenda. Na hiyo nafasi nilikuwa nimeanza kuitazama kwa jicho lingine. Lusajo alikuwa amekuja mara hiyo bila kuleta shati. Alisimama uani akiniangalia ninavyohema baada ya kubeba ndoo moja, akasema, "Tupokigwe, wewe ukienda, huyu mimi simuwezi. Nitampeleka Isongole kwa baba mdogo, akafungiwe kwenye kile chumba cha viazi. Nisikufiche." Hakusema kwa ubaya. Aliogopa tu, na alisema mbele ya Ambokile kama vile anasema mbele ya ukuta.

Tangu siku hiyo nilikuwa na wazo moja tu. Kabla sijafa, Ambokile awe na kazi. Mtu mwenye kazi hafungiwi chumbani, kwa sababu asubuhi kuna watu wanaomsubiri mahali.

Sasa nieleze desturi ya kiwandani kwetu. Mwanamke akiugua au akijifungua, alimtuma mdogo wake au binti yake amshikie nafasi. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu majina yaliitwa getini, jina la mgonjwa likaitwa, na aliyemshikia akaitikia "Nipo." Hakuna aliyeuliza. Mgonjwa akipona, anarudi, mwenzake anakwenda zake. Ndivyo tulivyoishi. Lakini hakuna aliyewahi kushikiwa nafasi na mwanamume, tena mwanamume kama Ambokile.

Nyapara wetu alikuwa Mama Gwamaka, mama mnene wa Lufingo, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Nilimfuata, nikamweleza. Alinitazama ile pini.

"Gwe Tupokigwe, huyo mdogo wako ataziweza kelele za mashine zile?"

"Nitamwekea pamba masikioni."

"Na akipiga watu?"

"Hajawahi kumpiga mtu. Yeye ndiye anayepigwa."

"Mlete," alisema. "Mlete Jumatatu, lakini na wewe uje. Nisije nikaachiwa mtoto wa watu."

Kazi yetu ilikuwa kwenye vitanda vya kunyaushia. Ni vitanda virefu vya wavu, kila kimoja kirefu kuliko nyumba, na chini yake feni inapuliza hewa. Majani mabichi yanapotoka kwenye malori, unayatandaza pale yalale usiku kucha yanyauke kabla ya kwenda kwenye mashine. Yasiwe na mabonge, bonge linapata joto na kuoza. Siku ya kwanza Ambokile alichukua jani moja, akalilaza, akachukua la pili, akalilaza pembeni yake, ncha upande ule ule. Wanawake wakaangua kicheko. Mama Gwamaka alikuja, mikono kiunoni, akasema, "Gwe, hilo ni jani au ni mgonjwa unamlaza?"

Nilimshika mikono. Chota, tikisa mara tatu, achia, sogea. Nilikohoa, nikarudia. Chota, tikisa mara tatu, achia, sogea. Ilichukua kipupwe kizima. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, yeye akafanya, na mimi nikafanya ile kazi ya kukaa. Alijifunza mahali pa kula, mlango wa choo, kwamba king'ora cha mchana kina maana ya kuacha na si ya kukimbia. Kuna vitabu siku hizi vinavyosema watu wa namna yake wana kipaji kilichojificha. Ambokile hakuwa na kipaji cha chai. Alitandaza kama watu wengine wanavyotandaza, pengine polepole kidogo. Alikuwa mfanyakazi wa kawaida, na katika maisha yangu sijawahi kufurahia ukawaida kama nilivyofurahia ule.

Siku niliyotema damu juu ya majani mabichi, Mama Gwamaka alinibeba mwenyewe mpaka kwenye lori.

Nililazwa miezi miwili. Sindano kila asubuhi, kushoto leo, kulia kesho, mpaka nyama ikawa ngumu na muuguzi akawa anatafuta pa kuchoma. Vidonge vilivyofanya mkojo kuwa mwekundu, na hakuna aliyekuwa ameniambia, siku ya kwanza nilipiga kelele chooni. Masikio yangu yakaanza kulia mlio mwembamba, na huo mlio ninao mpaka leo ninapoandika. Mbavu zangu niliweza kuzihesabu kwa kidole. Kwenye kitanda cha jirani alilala bibi wa Isongole, mkulima wa viazi, ambaye kila jioni alinivuta blanketi mpaka kidevuni bila kuniuliza, kama anavyofanya mtu kwa mwanawe. Mungu amlaze pema, hakutoka.

Yeye ndiye aliyenishtua siku moja alfajiri. "Mwe, unamjibu nani?"

"Sijamjibu mtu."

"Umesema nipo. Kila asubuhi unasema nipo."

Sikujua. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Pale getini jina langu lilikuwa linaitwa, na mdogo wangu alikuwa anaitikia. Na mimi huku, huenda nimelala huenda niko macho, nilikuwa naitikia pia. Nilianza kupata hisia kwamba Tupokigwe halisi ni yule wa kule, aliyesimama kwenye ukungu na pamba masikioni, na huyu wa kitandani ni mabaki. Nilimwambia sista, akacheka, akasema ni dawa.

Jumapili Ambokile alikuja, kilomita nyingi kwa miguu, akasimama nje ya dirisha kwa sababu alikuwa ameambiwa mara moja kwamba wageni hawaingii. Alisema, "Vitanda vinne." Jumapili nyingine, "Vitanda vinne na nusu." Alikuwa ananiangalia, si machoni, ila kwenye kidevu, na kwa Ambokile kidevu ni karibu sana. Hizo Jumapili ndizo zilizoniponya. Dawa zilisaidia.

Nilitoka mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, na vidonge vya kumeza nyumbani kwa miezi sita na kadi ya kliniki ya kila mwezi. Daktari alisema kifua changu kimebaki na makovu, vumbi na unyevu wa kiwandani nisivisogelee tena. Kazi kwangu ilikuwa basi. Kwa hiyo Ambokile aliendelea kushika nafasi ya mtu ambaye hatarudi, na sisi watatu, mimi, yeye na Mama Gwamaka, tukajitia hamnazo.

Kabla ya Krismasi kiwanda kikauzwa kweli. Akaja meneja mpya, mgeni wa mbali, Kiswahili cha kubahatisha, na jambo la kwanza alilotaka ni kuhesabu watu. Kila jina liwe na mtu wake. Ilikuwa enzi ya kufukuza wafanyakazi hewa kila mahali, na hakuna aliyetaka kukamatwa na hewa kwenye daftari lake. Karani wa getini, kijana mmoja mpole aliyeitwa Lwitiko, alikuja nyumbani na Mama Gwamaka siku ya Jumamosi mchana, viatu mkononi kwa ajili ya matope.

"Dada, ndaga fijo kwa kutupokea," alisema. "Jina lako ni la mwanamke. Anayeitikia ni mwanamume. Jumatatu tunahesabiwa."

"Mwandikeni jina lake."

"Siwezi kuandika jipya, wanapunguza watu. Ukiwa mgonjwa unaondolewa, na nafasi inaondoka na wewe. Njia ni moja tu." Alimwangalia Mama Gwamaka. Mama Gwamaka alitazama kuku. "Mwenye nafasi akifariki, ndugu mmoja anaandikwa badala yake. Hiyo wamekubali."

Nilielewa mara moja, na nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, "Niandike. Mimi mwenyewe nilishajiandikia tangu kipupwe."

Sikumuuliza Ambokile. Alikuwa nyuma ya nyumba anamkatia ng'ombe majani, hatua ishirini kutoka pale. Tulipanga watu wazima watatu juu ya maisha yake, tukanywa maziwa mgando, tukaagana. Nami nilikuwa nimemsema Lusajo kwa kuongea mbele yake kama mbele ya ukuta.

Jumatatu hiyo mchana wakaja wanawake wawili wa idara ya kupaki, watu wa kijiji kingine wasionijua kwa sura. Walikuwa wamejifunga khanga kifuani na wamebeba sukari na sabuni. Nilikutana nao njiani nikitoka kuchota maji.

"Hapa ndipo msibani kwa Tupokigwe?"

Ningesema nini? "Ndipo. Karibuni."

Tuliingia. Waliketi chini kama inavyotakiwa, wakalia kidogo kwa adabu. Mmoja aliniuliza marehemu aliumwa nini, nikasema kifua. Akauliza mimi ni nani wa marehemu, nikasema dada yake. "Alikuwa mtu mzuri?" aliuliza, na niliona anauliza kwa sababu hakuna zaidi la kuuliza. Nikasema alikuwa anajitahidi. Walipoondoka nilibaki nimekaa pale pale kwenye mkeka. Nilitegemea kicheko kije tena, hakikuja. Nilishika ile sabuni nikaenda kufua nguo za Ambokile.

Jioni ile Ambokile alirudi kutoka kazini. Nilimwambia, "Umerudi?" Akapita. Nikadhani hakusikia, nikamtoa pamba sikioni. Aligeuza uso ukutani, akasimama hivyo hivyo mpaka nikaondoka.

Mama Gwamaka alinieleza kilichotokea. Asubuhi ile karani alisoma mabadiliko kwa sauti, mbele ya meneja: Tupokigwe, marehemu, nafasi yake Ambokile. Watu wakamwambia Ambokile pole. Wote, mmoja baada ya mwingine, wakimshika mkono.

Na hapa ndipo penye kosa langu. Mama yetu alipofariki, Ambokile alisimama mlangoni kwake wiki nyingi akimwita. Alimwekea chakula. Wazee walichoka, majirani walianza kuogopa, na mimi ndiye niliyekaa naye nikamfundisha, kwa namna ile ile ya kumshika mikono na kurudia. Aliyekufa humwiti. Aliyekufa humwangalii. Ukimwona, hata ndotoni, humjibu, unageuza uso, maana ukimjibu atakuchukua. Hayo ya ndotoni kila mtu kwetu anayasema. Yeye aliyashika, akaacha kumwita mama, na mimi nilijisifu kwamba nimeweza.

Sasa marehemu alikuwa mimi.

Nilimwambia niko hai. Akageuza uso. Nilimshika mkono, akautoa taratibu, kwa woga. Mchungaji alikuja akamwombea. Mama Gwamaka alimkalisha kwenye ndoo kule kazini, akamwambia, "Dada yako mzima, gwe, yuko nyumbani anapika," naye akasema, "Daftari limesema." Daftari kweli lilikuwa limesema, na Mama Gwamaka alikuwepo.

Mngeniambia niende kwa karani, nifute. Nililifikiria kila siku, msimu ule wote wa mvua. Ningefuta, na Ambokile angetolewa siku hiyo hiyo, na kile chumba cha viazi Isongole kilikuwa bado kipo. Kwa hiyo nilikaa kimya. Nilichagua kazi. Nilijiambia nilitaka awe na mahali pa kwenda mimi nikiwa nimekufa, na sasa anapo, na mimi nimekufa, basi nalalamika nini?

Tuliishi hivyo miezi minne. Nilipika, nikaacha chungu jikoni, nikatoka. Aliingia, akajipakulia, akala akiwa amenipa mgongo hata kama sipo. Nilifua nguo zake, akazivaa. Nilimeza vidonge vyangu mbele ya kioo ili angalau mtu mmoja anione. Nikiwa peke yangu nilianza kushika mikono yangu, nijue ina joto. Kliniki waliita jina langu, nikachelewa kuitikia, sikuwa na uhakika kama ni mimi. Mpaka leo nachelewa. Watu kwenye benchi wanadhani ni uziwi wa zile sindano.

Habari za kazi yake nilizipata kwa ng'ombe. Ambokile, ambaye hakuwahi kuniambia zaidi ya vitanda vinne, alikuwa anamweleza ng'ombe kila jioni akimlisha. Leo majani yalikuwa na maji. Leo feni ya tatu imekufa. Mama Gwamaka amekasirika. Nilisimama nyuma ya migomba na kusikiliza, miguu yangu ikizama kwenye matope, na nikajifunza kutokohoa. Siku moja alimwambia ng'ombe, "Chungu kinapungua." Siku nyingine, "Nguo zinafuliwa." Nilidhani analalamika.

Vidonge viliisha masika yakiwa yanaelekea mwisho. Walipima makohozi mara ya mwisho, sista akaandika kwenye kadi kwamba nimepona, akanipa mkono. Nilitembea mpaka nyumbani na kadi kifuani chini ya khanga isilowe. Ambokile alikuwa uani. Nikamwonyesha. Akageuza uso. Niliingia ndani nikalia kwa hasira, nilimchukia, nasema ukweli, nilimchukia mdogo wangu kwa kunitii.

Mama wa benchini, mwisho wa habari ya kazi nitausema kwanza, halafu nimalizie na asubuhi moja. Ile nafasi aliipoteza. Baada ya hapo Lusajo alikuja kumchukua kweli, na nilimkatalia mlangoni nikiwa na panga la kukatia majani, na sikuwa nakata majani. Msimu wa chai nyingi ulipofika, kiwanda kilikosa vibarua, na Mama Gwamaka akampeleka Ambokile kwa meneja mwenyewe, akasema huyu anajua vitanda, haibi, hachelewi, mwandike jina lake. Safari hii tulimwambia kila kitu mapema. Kwamba jina litakaloitwa ni lake. Kwamba mimi nitakuwa nyumbani, hai, hata kama hanioni. Kwamba kazi ikiisha msimu utakapoisha, si yeye aliyekosea. Tulirudia wiki mbili, kwa sauti, huku tunatembea njia ile ile ya kazini. Yupo mpaka leo, mvi zimemwingia. Kwa hiyo usingoje kufa, na usipange nyuma ya nyumba. Mtafutie mtu mmoja kule kazini anayemjua, na huyo mwana wako umwambie ukweli, maana atauamini wote, na uongo wako atauamini vile vile. Kama una la kwangu la kushika, shika hilo.

Asubuhi yenyewe ilikuwa wiki moja baada ya kadi. Aliyoyafanya getini nilisimuliwa na Mama Gwamaka. Majina yaliitwa, meneja akiwa amesimama pembeni na kikombe chake. Ambokile aliitwa, akaitikia. Kisha, badala ya kuingia, akabaki pale na kumwambia karani, kwa sauti ya kuzidi mashine kwa sababu ya ile pamba, "Tupokigwe hajafa. Chungu kinapungua. Nguo zinafuliwa. Ng'ombe anakamuliwa. Aliyekufa hali. Mmekosea." Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Meneja aliuliza amesema nini, na hakuna aliyetaka kumtafsiria. Lwitiko mwenyewe ndiye aliyemtafsiria, na sitasahau kumheshimu kwa hilo. Alihamishiwa kwenye stoo. Ambokile alitolewa saa ile ile.

Mimi sikujua lolote. Nilikuwa jikoni namenya ndizi za mbalaga, mvua nyembamba inanyesha, na nikaona kivuli mlangoni saa ambayo hakuna mtu anayerudi. Alikuwa ameloa. Nikajua kwamba kazi imekwisha, na nikainama niendelee kumenya ili nisimwone akinigeuzia uso.

Hakugeuza. Alisimama pale, akaanza kunitazama kutoka miguuni, akapanda mpaka magotini, mikononi, shingoni, akafika kwenye kidevu, akabaki hapo. Miezi minne alikuwa hajaniona. Mara ya mwisho aliponiangalia sketi yangu ilikuwa imeshikwa na pini.

"Dada," alisema, "umenenepa."